Mabega ya Fundi Lifti

Siku mtoto alipoletwa nyumbani kutoka hospitali, kila mtu alimbeba isipokuwa babu yake. Jirani wa mlango wa pili, aliyekuja kuazima pasi tu, alimbeba. Mwenye nyumba, aliyepita kuulizia bomba linalovuja, alimbeba, akasahau bomba. Hata mleta gesi aliuweka mtungi chini, akanawa mikono, akapewa zamu yake. Fundi Lifti yeye alisimama kwenye kizingiti cha jikoni, mabega yamemfika masikioni, anatabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Baba, njoo umshike mjukuu wako," binti yake akamwita.

"Mikono yangu ina grisi, mwanangu."

Sebule nzima ikamgeukia. Fundi Lifti alikuwa kwenye likizo ya ugonjwa, hajagusa grisi kwa miezi. Mikono yake ilikuwa safi kuliko ya mkewe, na mkewe ni nesi.

"Grisi ya wapi?" mkewe akauliza.

"Ya bawaba. Nilikuwa nalainisha mlango wa stoo."

"Stoo yetu ina pazia, mzee."

Watu wakavunjika mbavu. Binti hakucheka. Alimfunika mtoto vizuri, akamgeuzia upande wake, na Fundi Lifti akajua hapo hapo kwamba amemuumiza mwanawe, tena pabaya.

Angemwambia nini? Kwamba mwanamume mzima, aliyepanda na kushuka kwenye mashimo ya lifti tangu ana nywele zote kichwani, anaiogopa mikono yake mwenyewe? Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Miezi kadhaa nyuma alikuwa ndani ya lifti ya jengo moja la ofisi, peke yake na sanduku lake la vifaa, anaijaribu baada ya kubadilisha mota. Katikati ya safari, kabini ikaponyoka. Ilishuka kama jiwe kisimani, mpaka breki ya dharura, ile inayokaa chini ya kabini ikisubiri siku kama hiyo, ikaziuma reli na kuisimamisha kwa kishindo. Taa zikazimika. Akakaa humo gizani tangu asubuhi hadi watu wa ofisi walipokuwa wanafunga kazi, amening'inia kati ya ghorofa na ghorofa. Alipotolewa hakuwa na hata mchubuko. Eksirei ilionyesha mifupa mizuri kuliko umri wake. Watu wakamwambia amshukuru Mungu, naye akamshukuru kwa moyo wote. Ila mabega hayakupata habari. Yalikuwa yamepanda siku ile, yakakataa kushuka.

Na kulikuwa na jambo la sinia. Jioni moja alikuwa anawapelekea wageni chai, jirani akabamiza mlango wake. Mlango wa mtu mwingine, nyumba nyingine! Mikono ya Fundi Lifti ikaruka yenyewe bila kumuomba ruhusa. Sinia likaenda huku, vikombe kule, birika likatua kwenye kochi ambako, kwa bahati, mgeni alikuwa ndiyo kwanza ameinuka. Tangu siku hiyo, akimtazama yule mtoto, mdogo na mwenye joto kama mkate uliotoka kuokwa, alichokuwa anakiona ni sinia.

Sasa, mambo yangeweza kuachwa hivyo, kila mtu na babu yake, kama si suala la kazi. Likizo ya uzazi ya binti ilikuwa inakaribia kwisha. Mumewe yuko safarini kikazi, mama yake ana zamu za mchana wodini. Mpango wa familia, uliopangwa mtoto akiwa bado tumboni, ulikuwa mmoja tu: babu yuko nyumbani, babu atakaa na mtoto. Babu mwenyewe ndiye aliyeutoa, akajigamba mtaa mzima. Mpango ukishindikana, mtoto angekwenda kwa mama mkwe wa binti, mwendo wa kutwa nzima kwa basi, na binti angekuwa anamwona mwanawe kwenye simu.

"Na akienda huko harudi," mkewe alimwambia Fundi Lifti wakiwa chumbani. "Yule mama namjua. Ana mapenzi ya gundi. Mke mwenzangu atakuja kututembelea akiwa ana ndevu."

"Mtoto wa kike, Sista."

"Atakuja na ndevu, nakwambia!"

Kila mtu alimwita Sista, kwa ajili ya kazi yake, na mumewe akaliiba jina hilo zamani akalifanya la mapenzi. Sista alikuwa mwanamke wa mikono mikubwa na huruma ya haraka. Ukimwambia unaumwa kidole, ukimaliza sentensi kimeshafungwa bendeji. Mabega ya mumewe aliyachukulia kama mgonjwa mtoro. Kila jioni aliyapaka dawa ya kuchua, akasimama nyuma ya kiti, akaweka viganja juu yake na kuyakandamiza chini kwa uzito wake wote, ambao haukuwa haba.

"Shusha mabega, mzee. Shusha! Unamficha nani shingo?"

Yalishuka kidogo. Alipoondoa mikono, yakarudi, tena kwa kisirani, juu kuliko mwanzo.

Mwishowe ni yeye Sista aliyemtafutia mtaalamu. Nyuma ya hospitali kulikuwa na chumba, zamani stoo ya magodoro, ambamo mama mmoja mwenye sauti ya chini alikuwa anawasaidia watu waliopatwa na mishtuko: wa ajali, wa moto, wa mambo ambayo hawataki kuyasema. Hakuwapa vidonge. Alianzia kwenye mwili.

"Kiko ghorofa ya ngapi?" ndilo swali pekee Fundi Lifti aliloliuliza.

"Chini kabisa."

"Basi nitakwenda."

Alimkuta amevaa gauni la heshima na soksi za njano, viatu ameviacha mlangoni. Tangu siku hiyo, nyumbani wakamwita Daktari Soksi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari."

"Si daktari mimi. Nilianza na mazoezi ya viungo, kwa watu waliovunjika. Nikawa naona mfupa umeunga, mwenyewe bado. Ndiyo nikaenda kusomea hili. Vua viatu, tafadhali."

Fundi Lifti alikaa, akakohoa, akaanza hadithi yake ya kabini. Alikuwa ameisimulia kwa bosi, kwa watu wa bima, kwa majirani na kwa majirani wa majirani, na sasa ilijitiririkia yenyewe kama redio. Daktari Soksi akainua kiganja polepole.

"Hiyo mdomo wako unaijua vizuri. Leo mdomo upumzike. Nataka kusikia miguu inasemaje."

"Miguu yangu haikupata shule, mama."

"Tutaongea nayo lugha rahisi. Ikanyagishe chini. Unasikia nini?"

"Sakafu."

"Ikoje?"

"Ya baridi."

"Inasogea?"

Lilikuwa swali la kijinga, na alitaka kulijibu kwa utani, lakini utani haukuja. Aligundua kwamba kwa miezi yote hiyo, kila sakafu aliyoikanyaga, ya jikoni, ya benki, ya msalani, alikuwa ameikanyaga akiisubiri iondoke.

"Haisogei," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari.

"Sawa. Kaa na hilo kwanza. Halafu zungusha shingo taratibu, uangalie chumba. Macho yatue yanapopenda yenyewe."

Macho yakatua dirishani, kwenye jagi la maji, kwenye ufagio uliosimama kichwa chini. Yalipokuwa kwenye ufagio, goti la kushoto likaanza kutetemeka. Akalishika kwa aibu.

"Usilizuie," Daktari Soksi akasema. "Mwili ukiogopa na ukakosa pa kukimbilia, zile mbio zinabaki ndani. Zikitaka kutoka, ziache, kidogo kidogo. Zikizidi, unarudi kwenye sakafu. Na nyumbani ni hivyo hivyo."

Kosa la Fundi Lifti ni kwamba maelezo hayo hakuyafikisha nyumbani. Aliona haya. Utamwambiaje nesi kwamba umetumwa kwenda kutetemeka?

Siku iliyofuata akajifungia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akakanyaga chini, akaangalia kabati, pazia, picha ya harusi. Goti likaanza. Akaliacha. Likampa habari paja, paja likampa habari mgongo, na mzee akawa anatikisika taratibu kama gari la zamani lililowashwa likiwa limesimama. Hakuona ubaya. Kwa kweli palianza kuwa na raha fulani. Ndipo Sista akaingia kutoka kazini.

"Yesu wangu! Homa!"

Kabla hajafungua mdomo, kipimajoto kilikuwa kwapani, blanketi mgongoni, na la pili juu ya la kwanza.

"Sista, sina homa."

"Usiongee, utapoteza nguvu." Akakitoa kipimajoto, akakisoma, akakikung'uta, akakisoma tena. "Hiki kimeharibika. Mtu anatetemeka hivi halafu kiniambie mzima?" Akamkumbatia kwa nguvu zote ili atulie, akayakandamiza mabega, na akapaza sauti sebuleni: "Mama nanihii, lete maji ya moto! Na usimlete mtoto huku, baba yako anaumwa!"

Kutetemeka kukakatika kama redio iliyochomolewa. Asubuhi yake mabega yalikuwa juu kiasi kwamba kola ya shati ilikunjika.

Na mambo hayakuishia hapo. Binti, aliyekwisha amini kwamba baba yake hamtaki mjukuu, sasa akaamini pia kwamba anaficha ugonjwa. Akampigia mama mkwe simu. Fundi Lifti alimsikia kupitia ukutani: "Shikamoo mama... Ndiyo, Jumapili. Njooni mumchukue tu. Hapa hakuna mtu wa kukaa naye."

Hakuna mtu! Maneno yale yalimkaa kifuani kama tonge kavu. Akamfuata Sista jikoni, akamwambia yote: goti, mbio zilizobaki ndani, sakafu isiyosogea. Sista alisikiliza huku amekishika kijiko cha mchuzi hewani.

"Kwa hiyo nilikufunika mablanketi wakati ulikuwa unapona?"

"Mawili."

"Kesho twende wote," Sista akasema. "Mimi naye tuna mazungumzo."

Alikwenda amevaa sare, kwa vitisho. Lakini Daktari Soksi alimsalimia kwa heshima, akamwomba avue viatu, na ni vigumu kumtisha mtu ukiwa pekupeku. Wakakaa watatu. Fundi Lifti akaanza na miguu. Kisha Daktari Soksi akayatazama yale mabega kwa muda.

"Mzee, leo usiyashushe. Yapandishe."

"Yapande wapi tena?" Sista akadakia. "Yakipanda zaidi yatatokea kichwani!"

"Kidogo tu. Polepole. Yanataka kwenda juu, basi yasindikize."

Fundi Lifti akayapandisha. Halafu akabaki hivyo hivyo, mdomo wazi, kama aliyeona kitu ukutani.

"Kabari," akasema.

"Nini?"

"Kabari! Sista, kabari!" Akaanza kucheka, mabega yakiwa bado huko juu. "Breki ya dharura ina kabari. Kabini ikianguka, kabari zinajibana kwenye reli. Sasa fundi mgeni akija, anataka kuishusha. Anaivuta chini. Kumbe anavyovuta ndivyo zinavyozidi kubana! Atavuta mpaka kesho. Unatakiwa kuipandisha kwanza. Kidogo tu, hivi. Kabari zinaachia, halafu ndiyo unashuka nayo taratibu. Nimewafundisha wanafunzi wangu hilo maisha yangu yote!"

Daktari Soksi alikuwa ameegemea mbele, macho yanang'aa. "Hiyo nitaiiba, mzee. Nitawaambia na wengine."

Sista akasema polepole: "Kwa hiyo mimi kila jioni nilikuwa naning'inia chini ya kabini."

"Na uzito wako huo, mama."

Akapigwa kofi la paja, la upendo.

"Sista, simama nyuma yake," Daktari Soksi akasema. "Mwambie kwanza kwamba uko hapo. Weka mikono chini ya viwiko vyake. Usisukume, usivute. Beba tu."

Kubeba Sista alikujua. Alikuwa amewabeba wagonjwa kutoka kitanda hadi kitanda miaka yote, wazito na wepesi. Akasimama nyuma ya mumewe. "Mzee wangu, ni mimi," akasema, kwa sauti ambayo Fundi Lifti hakuwa ameisikia tangu enzi za uchumba. "Nakubeba."

Mikono ikaingia chini ya viwiko, ikapandisha kidogo. Na mabega, yaliyofanya kazi ya peke yake kwa miezi yote ile, yakakuta kwamba kuna mtu mwingine ameushika mzigo. Hayakushuka mara moja. Yalisita, yakapima, ndipo yakaanza kuteremka. Fundi Lifti akapiga mwayo mrefu wa aibu, akapiga wa pili. Machozi yakamtoka bila kilio, yanatoka tu, kama bomba la mwenye nyumba. Kisha mapaja yakaanza kutetemeka.

Mkono wa Sista ulikwenda mfukoni kwenye kipimajoto. Ukarudi mtupu, ukashika kiwiko tena.

"Siku ile waliponipigia simu," Sista akasema nyuma yake, "nilikuwa namchoma mtoto sindano. Nikamaliza. Nikachoma na wengine. Sikulia, mzee. Nilikuwa na foleni."

Fundi Lifti akauinua mkono wake, akaushika wa mkewe pale kwenye kiwiko. Daktari Soksi akaangalia dirishani, kama mtu mwenye adabu zake.

Jumamosi asubuhi binti alikuwa sebuleni anakunja nguo ndogo ndogo na kuzipanga kwenye begi. Mtoto amelala mkekani katikati ya mito. Fundi Lifti akaja, akavua ndala, akakaa sakafuni, mgongo ukutani, nyayo chini.

"Mwanangu, nina jambo."

"Sema, baba." Hakuinua macho.

"Sikuwa na grisi siku ile."

"Najua, baba. Stoo ina pazia."

"Naogopa mikono yangu." Akaitoa mbele, kama anamwonyesha vitu vilivyoharibika dukani. "Tangu ile lifti, nikishtuka inaruka. Umeona ya vikombe. Nikimtazama huyu, nasema, je, ikiruka? Si kwamba simtaki. Namtaka mpaka nashindwa kulala. Ndiyo maana nakaa mbali."

Binti aliacha kukunja. Alikuwa ameshika soksi moja, ndogo kama kidole gumba.

"Baba. Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Nilishajigamba mtaa mzima."

Binti akacheka huku anafuta pua kwa ile soksi. Akamnyanyua mtoto, akasogea kwa magoti mpaka kwa baba yake, hakumuuliza kama yuko tayari, akamlaza kifuani kwake. Yeye mwenyewe akakaa karibu, mikono tayari.

Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyodhani. Alinukia maziwa. Fundi Lifti akakanyaga sakafu, akaangalia begi, akaangalia dirisha, akapumua. Ikaenda vizuri. Ikaenda vizuri sana mpaka akaanza kumsalimia. "Mchumba, hujambo? Bibi yako ana wivu, usimjali."

Hapo geti la chuma la jirani likabamizwa, *paa!*

Mwili wote ukashtuka. Mabega yakaruka, moyo ukapiga teke, na binti akarusha mikono kumdaka mwanawe.

"Acha," Fundi Lifti akasema, meno yamebana. "Subiri. Usimchukue."

Mikono ilikuwa imeruka, ndiyo. Lakini iliruka kuja ndani. Ilikuwa imemzunguka mtoto, imembana kifuani vizuri, kana kwamba ilikuwa inaijua kazi hiyo siku zote na ilikuwa inasubiri kuajiriwa. Akayapandisha mabega kidogo, makusudi. Akayasindikiza kushuka. Mapaja yakaanza kutetemeka, tumbo likafuata, na mtoto aliyelala juu yake akawa anatikiswa taratibu, juu chini, juu chini.

Yule mtoto alifungua jicho moja. Alikunja uso, kila mtu akajua sasa kilio kinakuja. Badala yake akapiga mwayo, akageuza shavu, akatafuta pahali pazuri kwenye shati la babu, akalala tena. Alidhani anabembelezwa.

"Baba, unatetemeka," binti akanong'ona.

"Nimeona. Siizimi mashine. Mteja hajalalamika."

Binti akamtazama hivyo kwa muda mrefu: baba yake anatikisika kama friji kuukuu, mwanawe anakoroma juu yake. Kisha akainuka, akaenda na simu jikoni, na safari hii Fundi Lifti hakuhitaji ukuta.

"Shikamoo mama... Salama tu. Mama, kesho msihangaike. Hapana, yupo. Ana mtu wa kukaa naye... Baba. Ndiyo, baba yangu." Akasikiliza kidogo. "Nimpe simu muongee? Samahani mama, hawezi kupokea. Mikono yake ina kazi."